John Boyd Orr: Alianza na Panya na Ng'ombe, Akaishia Kwenye Sahani ya Maskini

Mtu wa pwani akitaja Kitale hutaja mahindi, na akitaja Bungoma hutaja sukari na kuku. Nami nilikuwa hivyo hivyo kabla ya kuizoea nchi ile. Lakini ukipita katika maduka ya dawa za mifugo mjini Kitale, au ukazunguka soko la Chwele huko Bungoma siku ya mnada, utakiona kitu ambacho sisi wa Mombasa na Lamu hatukizingatii: chumvi ya ng'ombe. Huuzwa kwa mifuko kama unga, na huuzwa pia kama tofali gumu ambalo mfugaji hulitundika zizini ili mnyama alirambe apendavyo. Ndani ya tofali hilo hamna chumvi ya mchuzi peke yake. Mna chokaa, fosforasi, shaba, zinki, kobalti na iodini, vingine kwa kipimo kidogo mno hata ukikitia kiganjani usikione.

Anayeuza na anayenunua wote wawili wanajua kwamba ng'ombe asiyepata vitu hivyo hudhoofika, hukosa maziwa na hutupa mimba. Ni nadra kumpata anayejua habari za yule daktari wa Uskoti aliyefanya kazi kubwa kuieneza elimu hiyo duniani, na ambaye kazi yake ilifika hapa Kenya mapema kuliko wengi wanavyodhani. Jina lake ni John Boyd Orr. Nataka kueleza maisha yake, kwa sababu mwanzo wake ulikuwa katika vizimba vya panya na mazizi ya ng'ombe, na mwisho wake ulikuwa kugombana na serikali kubwa za dunia juu ya chakula cha maskini.

Alizaliwa tarehe 23 Septemba 1880 katika kijiji cha Kilmaurs, magharibi ya Uskoti, katika nyumba ya watoto saba. Baba yake alikuwa mtu wa dini sana, mwenye machimbo ya mawe, na mali yake ilipanda na kushuka. Alipokuwa na miaka 13 mtoto John alishinda nafasi ya masomo katika shule kubwa ya mji wa Kilmarnock, lakini akawa anatoroka kwenda kukaa na wavunja mawe wa baba yake, akajifunza kwao lugha ambayo haifundishwi shuleni. Wazazi wakamrudisha kijijini. Kutoka hapo akasomea ualimu, akaingia Chuo Kikuu cha Glasgow.

Glasgow ya siku zile ilikuwa mji tajiri wenye mitaa ya kutisha. Orr alipewa darasa katika shule ya mtaa wa mafukara. Watoto walijaa mpaka hawana pa kukaa, wengi wagonjwa, wenye chawa, na zaidi ya yote wenye njaa. Baada ya siku chache tu alijiuzulu, kwa kuwa aliona kwamba huwezi kumfundisha hesabu mtoto ambaye tumbo lake ni tupu. Kuna watakaosema alikimbia. Mimi naona alikuwa mkweli kuliko walimu wengi, maana aliacha kazi ambayo haikuwezekana akaenda kutafuta sababu yake. Alisomesha miaka michache katika shule nyingine huko Saltcoats, kisha akarudi chuoni kusomea elimu ya viumbe na udaktari. Alifuzu udaktari mwaka 1912. Kwa miezi minne alikuwa daktari wa meli iliyofanya biashara kati ya Uskoti na Afrika Magharibi, akayaona mengi, kisha akachagua utafiti badala ya kutibu wagonjwa.

Mwaka 1914 alitumwa Aberdeen kuongoza taasisi mpya ya kuchunguza lishe ya wanyama. Alipofika hakukuta taasisi. Alikuta mpango mdogo wa fedha kidogo, akaukataa, akatoa wake mkubwa. Mabishano hayo yalikatizwa na Vita Kuu ya Kwanza. Orr alikwenda vitani kama daktari wa jeshi, akatunukiwa nishani mbili za ushujaa, kisha akamalizia katika jeshi la majini. Aliporudi mwaka 1919 alikuwa hana subira na makarani.

Mfadhili alipatikana: tajiri aitwaye John Quiller Rowett, ambaye ndiye pia aliyelipia safari ya mwisho ya Shackleton kwenda kwenye barafu ya kusini. Rowett alitoa fedha kwa sharti moja ambalo limenipendeza. Fedha zilikuwa za uchunguzi wa lishe ya mifugo, lakini alitaka kwamba ikiwa kazi hiyo itagusa lishe ya binadamu, Orr aachiwe aifuate. Taasisi ya Rowett ilifunguliwa mwaka 1922. Lile sharti ndilo mlango ambao Orr alipitia baadaye, na bila ya mlango ule pengine angebaki kuwa mtaalamu wa nguruwe.

Hapa inafaa nieleze jinsi kazi ya maabara inavyofanywa, maana wengi tunalisikia neno panya wa maabara na hatujui maana yake. Panya mweupe huishi miaka miwili au mitatu. Hubeba mimba kwa majuma matatu, na akifika miezi mitatu huweza kuzaa. Kwa hiyo jambo ambalo kwa watu lingehitaji maisha ya babu, mwana na mjukuu, kwa panya huonekana kwa mwaka mmoja. Mtaalamu huchukua watoto wa mama mmoja, akawagawa makundi mawili. Wote hupewa chakula kile kile, maji yale yale, joto lile lile. Kundi moja huondolewa kitu kimoja tu. Kisha kila juma hupimwa kwa mizani, na mwisho mifupa yao hutazamwa.

Ukiondoa chokaa, panya huchelewa kukua, mifupa yake huwa laini, na mama hukosa maziwa ya kunyonyesha. Mwaka 1928 wataalamu wa Wisconsin, Marekani, walionyesha kwamba panya aliyelishwa maziwa matupu huishiwa damu, na hata ukimpa chuma haponi mpaka umpe na shaba kidogo. Mwaka 1932, huko Baltimore, panya waliokosa magnesi waliiva masikio yakawa mekundu, wakawa wa kushtuka kwa kelele ndogo, kisha wakashikwa na kifafa wakafa. Mwaka 1934 ikathibitika kwamba asiyepata zinki hudumaa na kunyonyoka manyoya. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba binadamu hawezi kupungukiwa zinki, kwa kuwa iko katika vyakula vingi. Lakini mwaka 1961, huko Shiraz katika nchi ya Iran, Daktari Ananda Prasad aliandika habari za vijana wa miaka ishirini na moja wenye umbo la mtoto wa miaka kumi. Chakula chao kilikuwa mkate usiochachuliwa, na juu yake walikula udongo. Mkate wa namna ile hushika zinki tumboni isiingie mwilini. Nawakumbuka dada zetu wa pwani wanaonunua udongo sokoni wakiwa na mimba, na ambao tumezoea kuwacheka.

Msomaji Mwislamu anaweza kuuliza kama ni halali kumnyima kiumbe riziki yake ili tupate elimu. Swali ni zito. Sote tumefundishwa habari za yule mwanamke aliyeangamia kwa sababu ya paka aliyemfunga bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie. Sina fatwa ya kutoa, hiyo ni kazi ya masheikh. Ninaloweza kusema ni kwamba elimu iliyotoka katika vizimba vile imewarudishia chakula watoto wengi ambao wao nao walikuwa wamefungwa, na waliowafunga walikuwa umaskini na mishahara duni.

Turudi kwa Orr. Yeye na wenzake walianza kwa nguruwe na mbuzi, wakaona kwamba mnyama anayelishwa nafaka tupu hupungukiwa madini hata akishiba. Kutoka hapo aliuliza swali la malisho: je, majani ya kila nchi yana madini sawa? Huko Afrika Kusini Arnold Theiler, daktari wa wanyama mzaliwa wa Uswisi, alikuwa amekwisha kuona ng'ombe wanaotafuna mifupa ya mizoga kwa sababu malisho yao hayana fosforasi ya kutosha. Mifupa ile iliyooza iliwatia sumu wakafa. Walipopewa unga wa mifupa waliacha kutafuna mizoga. Orr alikusanya habari kama hizo kutoka pande zote za dunia, akazitoa katika kitabu chake juu ya madini ya malisho mwaka 1929. Kenya imo ndani ya kazi hiyo.

Walowezi wa Kizungu katika Bonde la Ufa walikuwa wakilalamika. Karibu na Nakuru palikuwa na mashamba ambamo ng'ombe walikonda wakiwa wamesimama katika majani yanayofika magotini. Ukiwahamisha, walipona. Kwanza ilidhaniwa kwamba wamekosa chuma. Baadaye, wataalamu wa Australia walipogundua mwaka 1935 kazi ya kobalti, ndipo ilipofahamika kwamba ugonjwa wa Nakuru nao ni wa kobalti. Na mwaka 1948 ikajulikana kwamba kobalti ndiyo kiini cha vitamini B12, ambayo bila yake damu haitengenezeki.

Wakati huo Kitale ilikuwa mji mchanga wa walowezi, reli ilifika mwaka 1926. Lakini juu yake, katika Mlima Elgon, palikuwa na watu walioyajua haya bila ya maabara. Wasabaoti walikuwa wakiingiza ng'ombe wao katika mapango ya mlima ule, na kubandua mawe ya kuta zake ili wanyama wapate chumvi. Joseph Thomson, Mskoti kama Orr, alipita huko mwishoni mwa 1883 pamoja na wapagazi wa pwani, akayaona mapango yenye watu na mifugo ndani, akadhani yalichimbwa na taifa la kale lililopotea. Pango la Kitum, lililomo ndani ya hifadhi iliyotangazwa mwaka 1968, limejulikana sana kwa ndovu. Huingia usiku kiasi cha mita mia na zaidi ndani ya giza, wakipapasa njia kwa mkonga, kisha huchimba ukuta kwa pembe na kutafuna jiwe. Hakuna aliyewafundisha. Majani ya mlima wenye mvua nyingi hayana chumvi ya kutosha, na mwili umewaelekeza.

Huko Bungoma akina mama wa Kibukusu walikuwa na njia yao. Walichoma mabua na maganda ya mimea, wakachuja majivu kwa maji, wakapata maji ya chumvichumvi ya kulainishia mboga za majani. Na uji wao ulikuwa wa wimbi. Punje ya wimbi, ndogo kama kichwa cha sindano, ina chokaa mara kumi na zaidi kuliko ya mahindi. Tangu mahindi chotara ya Kitale yalipotolewa kwa wakulima mwaka 1964, mahindi yameijaza nchi na kuokoa wengi na njaa, siwezi kuyabeza. Lakini kila gunia lililoongezeka la mahindi lilipunguza kipande cha wimbi, na hilo halikuandikwa katika hesabu za mavuno.

Katika mambo ya Kenya ndipo ninapomlaumu kidogo Orr. Yeye na Daktari John Gilks, aliyekuwa mkuu wa idara ya tiba ya koloni, walisimamia uchunguzi wa miili ya Wakikuyu na Wamasai. Taarifa ilitoka London mwaka 1931. Ilisema kwamba mwanamume wa Kimasai, anayeishi kwa maziwa, nyama na damu, alimzidi yule wa Kikuyu, anayeishi kwa nafaka, viazi na maharagwe, kwa inchi 5 za urefu na ratili 23 za uzito, na nguvu zake za misuli zilizidi kwa nusu. Kwa Wakikuyu walikuta mifupa iliyopinda, meno mabovu, upungufu wa damu na vidonda. Kwa Wamasai walikuta zaidi kufunga choo na baridi yabisi. Waliona pia kwamba wanawake wa Kikuyu hawakuachwa nyuma sana kama waume zao, kwa sababu wao walikula mboga za majani zenye madini.

Uchunguzi wa namna hii ulikuwa mpya, na jambo la mboga za akina mama ni la thamani hata leo. Lakini watu si panya wa mama mmoja. Mmasai na Mkikuyu hawatofautiani kwa chakula peke yake. Wana nasaba mbalimbali, maradhi mbalimbali na hali mbalimbali za kazi. Wataalamu wa baadaye wameutilia shaka ulinganisho huo, na nadhani wana haki. Tena lipo jambo kubwa zaidi. Katika miaka ile ile watu wengi walikuwa wamenyang'anywa ardhi. Wasabaoti waliupoteza uwanda wa Trans Nzoia, walikokuwa wakilisha mifugo yao, ukawa mashamba ya walowezi. Ukimpima mtu mifupa na usipime shamba alilobakiwa nalo, umepima nusu. Na mpangilio wenyewe unasema kitu: fedha zilitolewa kwanza kwa ajili ya malisho ya ng'ombe wa walowezi, na mchungaji wake akapimwa baadaye.

Jambo la ajabu ni kwamba kile ambacho hakikusemwa waziwazi Kenya, Orr alikisema kwa sauti kubwa nyumbani kwao. Mwishoni mwa miaka ya 1920 aliongoza majaribio ya kuwapa maziwa watoto wa shule katika miji ya Uskoti na Belfast. Waliokunywa maziwa walikua haraka kuliko wenzao kwa kiasi cha sehemu moja katika tano. Matokeo hayo yalisaidia kuleta maziwa ya bei nafuu katika shule za Uingereza mwaka 1934. Wasomaji waliokuwa shule Kenya tangu 1979 watakumbuka pakiti za maziwa ya Nyayo. Wazo la glasi ya maziwa darasani lilikuwa na umri wa nusu karne zilipotufikia.

Kisha akarudi kwa panya. Mwaka 1935 yeye na wenzake walitangaza matokeo ya jaribio la muda mrefu. Panya wa kundi moja walilishwa chakula kile kile kilicholiwa na wafanyakazi maskini wa Uskoti. Kundi la pili lilipewa chakula hicho hicho, likaongezewa maziwa na mboga za majani. Wa kwanza walikua vibaya na kufa kwa wingi zaidi. Wa pili walinawiri. Huko India Robert McCarrison alikuwa ameona mambo ya namna hiyo: panya waliolishwa kama Masingasinga, kwa chapati za ngano nzima, maziwa, siagi na mboga, walikuwa hodari, na waliolishwa kama makabwela wa Uingereza, kwa mkate mweupe, jemu na chai, walikuwa dhaifu na wagomvi hata wakalana. Mla wali asicheke, maana panya wa Madras waliolishwa wali mtupu nao walidhoofu.

Mwaka uliofuata, 1936, Orr alitoa kitabu juu ya chakula, afya na kipato. Humo alionyesha kwamba nusu ya watu wa Uingereza hawakuwa na fedha za kununua chakula kinachotosha kwa afya kamili, na kwamba sehemu moja katika kumi ilikuwa katika hali mbaya zaidi, yenye upungufu wa kila kitu, chokaa na chuma vikiwemo. Uzito wa kitabu hicho haukuwa katika ugunduzi wa madini. Ulikuwa katika kuweka mshahara na mifupa katika jedwali moja. Kabla yake iliwezekana kusema kwamba maskini wanaugua kwa ujinga wa kupika. Baada yake ikawa vigumu. Wakubwa serikalini hawakukipenda, nao walijaribu kukizuia, lakini kilitoka.

Vita vya pili vilipokuja, mafundisho yake yaliingia katika mpango wa mgao wa chakula, na maskini wengi wa Uingereza walikula vizuri wakati wa vita kuliko wakati wa amani. Yeye mwenyewe alimpoteza mwanawe wa pekee wa kiume katika vita hivyo.

Mwaka 1945 Umoja wa Mataifa ulianzisha Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, na Orr, mwenye umri wa miaka 65, akawa mkurugenzi mkuu wake wa kwanza. Hakutaka liwe ofisi ya kukusanya takwimu. Mwaka 1946 alipendekeza Bodi ya Chakula ya Dunia: inunue ziada mwaka wa neema, iiweke akiba, izuie bei zisiporomoke wala zisipae, na izikopeshe nchi maskini. Msomaji atakumbuka kisa cha Nabii Yusuf na ghala za Misri. Marekani na Uingereza zilikataa, kwa kuwa hazikutaka chombo cha dunia kishike bei zao. Mwaka 1948 Orr aliondoka katika shirika akiwa na uchungu.

Mwaka 1949 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, na fedha zake zote akazigawa kwa vyama vinavyotetea amani na umoja wa dunia. Mwaka huo huo alifanywa kuwa Lodi. Akarudi kwenye shamba lake karibu na Brechin, kati ya ng'ombe, akaandika habari za maisha yake mwaka 1966, na akafa hapo tarehe 25 Juni 1971, akiwa na umri wa miaka 90.

Taasisi ya Rowett iliunganishwa na Chuo Kikuu cha Aberdeen mwaka 2008, na bado inachunguza lishe, sasa zaidi ya binadamu kuliko ya ng'ombe. Hapa kwetu, chumvi inayovunwa Gongoni na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, hutiwa iodini kwa sheria ili watu wa milimani wasiote rovu shingoni, nayo hupanda malori mpaka Bungoma na Kitale. Wasukuma majembe wanaoivuna kwenye jua kali la pwani, wengi wao hawajaiona nchi inayoihitaji.